Shajara ya mradi: kompyuta ya saiba ya Mjomba, Langoni

Jumamosi, baada ya Alasiri

Mashine yenyewe ni kompyuta ya mezani iliyounganishwa na fundi, haina jina la kampuni. Mazabodi (bodi kuu inayobeba vipande vyote) ya H61, prosesa Core i5-3470 ya mwaka 2012, ramu ya DDR3 GB 8, diski ya GB 500, na pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine) yenye kibandiko cha wati 500. Kazi yake ni kuchapisha, kuskani na kuwajazia watu fomu kwenye saiba ya Mjomba hapa Langoni, Lamu. Tangu asubuhi wateja wanarudishwa.

Dalili: ukibonyeza kitufe, feni ya prosesa inashtuka robo duara, taa ya mbele inamulika mara moja, kisha kimya. Ukibonyeza tena haifanyi lolote. Ukitaka ishtuke tena, uchomoe waya ukutani, usubiri kidogo, urudishe.

Hiyo ya mwisho ndiyo niliyoishika. Kompyuta iliyokosa umeme kabisa haishtuki. Inayoshtuka ikakataa mpaka uikatie umeme, mara nyingi pawa saplai yake imeona shoti mbele ikajifunga. Hilo ni dhana tu kwa sasa, lakini linanizuia kukimbilia dukani kununua pawa saplai, jambo ambalo kila aliyepita barazani leo amenishauri nilifanye.

Kabla ya kushika bisibisi: fyuzi ya plagi ni nzima, soketi inawasha taa, waya mwingine umeleta matokeo yaleyale. Swichi ndogo nyekundu mgongoni mwa pawa saplai iko 230. Hiyo huitazama kila mara, kwa sababu mtu akiisukuma kwenda 115 huku ukutani mna volti 240, mazungumzo yamekwisha.

"Mjomba, ilianza vipi?"

"Yeo haiwaki kabisa, mwanangu. Lakini siku hizi ilikuwa yazima yenyewe, kisha yawaka."

"Wakati gani hasa?"

"Nikitoa kopi. Watu wakijaa tu, ndipo yaanza vituko."

Printa yake ni ya leza, na imechomekwa kwenye ekstensheni moja na kompyuta. Ndani ya printa ya leza mna roli inayopashwa moto ili unga wa wino ushike kwenye karatasi, na inapoanza kupasha huvuta mamia ya wati kwa mpigo. Nilimwomba atoe kopi moja, nikasimama nikiitazama taa ya dari. Ilififia kidogo, ikarudi. Kwa hiyo kila kopi ilikuwa inaziteremsha volti za ekstensheni nzima, na pawa saplai ilikuwa inajikaza. Nadhani haikufa leo. Leo imekata roho tu.

Jambo la pili nililoliandika kabla ya kuondoka: kasha limewekwa chini ya dirisha la upande wa bahari, na matundu yake ya mbele yameelekea upepo.

Jumapili asubuhi

Nimelifungua. Chini ya kasha kuna kutu ya kahawia iliyochora umbo la kila skrubu. Vumbi ni mchanganyiko wa unga mweupe wa chokaa inayodondoka ukutani na unyoya wa karatasi za kopi, na limegandamana badala ya kuwa la kupeperuka. Ukilipuliza halitoki. Hiyo ni kazi ya chumvi. Chumvi ya kawaida huvuta maji hewani mpaka ikayeyuka yenyewe pale unyevu unapofika kama asilimia 75, na usiku wa kusi hapa kwetu kiwango hicho hupitwa bila jasho. Mchana inakauka, usiku inalowa. Juu ya mazabodi, karibu na soketi ya pini 4 inayolisha prosesa, shaba imeota ukungu wa kijani.

Feni ya pawa saplai haizunguki hata kwa kidole.

Kuipima pawa saplai nje ya mashine ni jambo jepesi, ila watu wengi huishia katikati. Kwenye plagi kubwa ya pini 24, waya wa kijani ukiugusisha na mweusi wowote, pawa saplai inawaka bila mazabodi. Waya wa zambarau ni volti 5 za kusubiri, ambazo huwepo hata mashine ikiwa imezimwa. Manjano ni 12, nyekundu 5, rangi ya chungwa 3.3. Mipaka ni asilimia 5 juu au chini, kwa hiyo manjano inatakiwa isipungue 11.4 wala isizidi 12.6.

Bila mzigo: zambarau 4.9, manjano 12.1, nyekundu 5.1. Mtu angesema nzima.

Pawa saplai isiyobeba kitu haijathibitisha kitu. Nilichukua balbu ya taa ya mbele ya pikipiki, volti 12, wati 35, kutoka kwa jamaa anayezitengeneza, nikaifunga kati ya manjano na mweusi. Hiyo ni karibu ampea 3, mzigo mdogo sana kwa kitu kinachojiita wati 500. Balbu iliwaka, mita ikasoma 11.6, halafu ikaanza kuteremka nikiitazama: 11.2, 10.9, 10.6. Balbu ikaanza kupepesa. Nikachomoa.

Nimeiacha ikae kabla ya kufungua kifuniko chake. Volti 240 za ukutani zikishanyooshwa ndani mle huwa kama 340, na kapasita kubwa huzihifadhi hata waya ukiwa mkononi mwako. Asiye na uzoefu nazo asifungue. Hakuna cha kutengeneza humo chenye thamani ya hatari hiyo. Mimi nilitaka kuona tu, na niliyoyaona ndiyo niliyoyatarajia: kapasita za upande wa kutolea umeme zimevimba vichwa, mbili zimevuja. Feni ilikwama, joto likapanda, na kanuni ya kapasita za aina hii ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada hukata umri wake nusu.

Pawa saplai imekufa, hilo halina ubishi. Swali ni iliondoka na nani.

Jumapili usiku

Ninayo pawa saplai nzima nyumbani ya kufanyia majaribio. Sikuichomeka. Kwanza mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani), mashine ikiwa haina umeme wowote, ncha moja kwenye pini ya manjano ya ile soketi ya pini 4 inayolisha prosesa, nyingine kwenye mweusi.

0.9.

Hapo panatakiwa pawe na mamia au maelfu ya omu. Nikaitoa prosesa, nikapima tena: usomaji ukapanda, ukatulia kwenye maelfu. Hii ndiyo sehemu niliyoipenda katika kazi yote, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu.

Prosesa hii hula volti 1 au zaidi kidogo. Anayezigeuza volti 12 kuwa 1 ni kundi la mosifeti, swichi ndogo za umeme, zilizopangwa kando ya soketi ya prosesa. Kila jozi ina ya juu, inayofungulia volti 12 ziingie kwa vipande vidogo vidogo, na ya chini, inayovuta upande wa sifuri. Ya juu ikiungua kwa kushikana, mlango unabaki wazi, na zile 12 zinaingia moja kwa moja kwenye njia ya prosesa. Prosesa yenyewe, ukiipima kati ya njia yake na sifuri, ina omu chache sana kwa asili. Kwa hiyo ukiwa na prosesa ndani, mita inapita kwenye mosifeti iliyoshikana, inaingia kwenye prosesa, na unasoma karibu sifuri. Ukiitoa prosesa, njia imekatika, na usomaji unapanda. Kama mosifeti ya chini nayo ingekuwa imeshikana, usomaji ungebaki chini hata soketi ikiwa tupu.

Nilizipima moja moja miguuni. Ya pili kutoka kwenye soketi ya pini 4, ya juu: sifuri kabisa. Iko katikati ya ule ukungu wa kijani.

Maana yake prosesa ilipewa volti 12 badala ya 1, japo kwa kufumba na kufumbua kabla pawa saplai haijajifunga. Nyingine hupona. Nyingi haziponi.

Kuna fundi wa simu mtaani mwenye mashine ya hewa ya moto, na angeweza kuibandua hiyo mosifeti na kuweka nyingine. Nililifikiria kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Mazabodi hii ina ukungu sehemu nyingine tatu nilizoziona kwa macho, na zile nisizoziona ndizo zitakazomrudisha Mjomba kwangu kabla ya Ramadhani.

Jumatatu

Diski. Imetolewa, imeunganishwa na laptopu yangu kwa waya wa USB, imesomeka. Nimenakili kila kitu kwanza, ndipo nikaiuliza afya yake. Kwenye ripoti ya diski namba ya kutazama ni 05, sekta zilizohamishwa, na C5, sekta zinazosubiri kuhamishwa. Ya 05 ni sifuri, C5 ina chache. Kidogo, lakini diski iliyoanza kutia alama hapo sitaipa kazi ya kila siku tena.

Kilichonishtua ni yaliyomo. Mbali na mitihani ya madrasa, kadi za harusi za miaka nenda miaka rudi na barua za maombi ya kazi, kuna folda nzima ya vitambulisho vya watu vilivyoskaniwa, pande mbili, na vyeti vya kodi vya KRA, vimeachwa pale tangu siku wenyewe walipokuja. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na hata isingekuwepo, kitambulisho cha jirani si kitu cha kuachwa kwenye kompyuta ambayo kila mtu hukaa mbele yake. Nimemwambia Mjomba. Akasema, "Wao ndio huniambia niwawekee, wasije wakapoteza." Tumekubaliana: za wanaoomba ziwekwe kwenye diski ya nje anayoifungia kwenye mtoto wa meza, nyingine zifutwe. Amekaa jioni nzima akifuta, akinisomea majina na kunipa habari za kila mmoja.

Alhamisi: kuchagua vipande

Masharti ya Mjomba: "Nataka kitu nisikisikie tena." Bajeti inabanwa na kodi ya duka.

Wazo la kwanza lilikuwa kutafuta mazabodi nyingine ya H61 na kuendelea. Mwalimu wa madrasa ya jirani ana kompyuta ya soketi hiyohiyo ya LGA1155, akajitolea tuipime prosesa yetu kwake. Nilimshukuru nikakataa. Prosesa iliyopigwa na volti 12 inaweza kuwa yenyewe ni shoti, na sitaki kuipeleka kwenye mazabodi pekee waliyo nayo. Tena hata ikiwa nzima, tunanunua nini? Mazabodi za zamani hizo zina umri uleule wa hii iliyokufa. Ziko mpya kutoka China, lakini chipuseti yake, yaani chipu kuu ya mazabodi, imebanduliwa kwenye mazabodi kuukuu. Na juu ya hayo, Windows 10 iliachwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025, haipati tena marekebisho ya usalama ya kawaida, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri) na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Yetu ni ya kizazi cha 3. Kwa mashine ambayo watu huandikia nywila zao za eCitizen, sikuona pa kujadili. Linux ningemwekea kwa moyo mweupe, mimi mwenyewe naitumia, ila wateja huja na barua za Word na majedwali ya Excel yaliyopangwa kwa milimita, na yakipangika vinginevyo lawama ni za Mjomba.

Wazo la pili ni la Mjomba: eksi-UK. Zile kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya, zinazouzwa Mombasa zikiwa kamili. Nitasema haki yake: kwa pesa, ni vigumu kuzishinda. Zimejengwa kwa chuma kizuri, hazina kelele, na za kizazi cha 8 zinakubali Windows 11. Binamu yangu anayo na hana malalamiko. Kama saiba ingekuwa Mombasa, kwenye mtaa ambao fundi wa pili yuko mlango wa tatu, ningemwambia anunue leo.

Pingamizi langu ni moja tu, nalo ni pawa saplai. Kompyuta nyingi za ofisi zina pawa saplai za umbo lake peke yake. Dell OptiPlex 3020, 7020 na 9020, kwa mfano, zinatumia plagi ya pini 8 mahali pa ile ya 24. HP EliteDesk 800 G1 nayo ina plagi zake ndogo. Zipo waya za kubadilisha, lakini kwenye yale makasha membamba pawa saplai ya kawaida haiingii hata ukiikunja. Kipande kinachokufa kwanza hapa kisiwani, kwa chumvi na kwa umeme unaopanda na kushuka, ni hichohicho. Sitaki kikifa tuwe tunapiga simu kutafuta umbo fulani na kungoja libahatike kupatikana, lije kwa basi mpaka Mokowe, livushwe kwa boti, na likija silo lirudi njia ileile. Dhamana ya duka la Mombasa ikishavuka maji ni karatasi.

Kwa hiyo njia ya tatu: mazabodi mpya ya umbo la kawaida, kila kipande cha aina inayouzwa na kila duka. Nimechagua Core i3-10100, ya mwaka 2020, viini 4 na nyuzi 8 (njia za kufanyia kazi), wati 65, juu ya mazabodi ya H510. Kwa kazi ya saiba inaishinda i5 ya zamani, na TPM inayotakiwa imo tayari, unaiwasha tu kwenye BIOS (programu ya kuanzia ya mazabodi).

Fundi wa Mombasa kwenye simu alisema anayo ya bei nafuu zaidi, i3-10100F. Hiyo F ndiyo ya kuogopa. Maana yake prosesa haina sehemu ya kutoa picha, na ukiifunga bila kadi ya picha skrini itabaki nyeusi, na mtu atarudi kuanza kuipima pawa saplai. Nafuu ya bei inaliwa na kadi, na kadi nayo ina feni ya kuvuta chumvi.

AMD niliifikiria pia, kwa sababu Ryzen zake zenye picha ndani ni nzuri kuliko za Intel kwa upande huo. Lakini kuna mitego ya kuoana kwa vipande. Ryzen 3 3200G haiko kwenye orodha rasmi ya mazabodi za A520, japo soketi ni ileile ya AM4 na itaingia vizuri kabisa. Ryzen 5 5600G itafanya kazi kwenye B450 mradi BIOS iwe mpya, na ikiwa mazabodi imekaa stoo tangu zamani, nyingi zinataka prosesa ya zamani ya kuiwashia ndipo uisasishe. Nani anayo hapa Amu? Mjomba hachezi gemu. Tukaipita.

Ramu: kijiti kimoja cha DDR4 GB 8. Viwili vya GB 4 vingekwenda kasi kidogo, lakini mazabodi ina nafasi mbili tu na nataka moja ibaki wazi. Mjomba aliuliza kama zile za zamani haziwezi kusaidia. Haziingii: DDR3 ina pini 240, DDR4 ina 288, na pengo la katikati limesogezwa makusudi ili asiyejua azuiwe.

Diski ya SSD (isiyo na kinachozunguka) ya SATA, GB 480. Hakuna cha kueleza hapo.

Sasa pawa saplai, ambayo ndiyo nimeipa usiku mzima. Mashine hii yote, ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, haitafika wati 150. Kwa hiyo ukubwa si tatizo. Tatizo ni ukweli. Kibandiko cha ile iliyokufa kinasema wati 500 kwa herufi kubwa. Ukisoma jedwali dogo chini yake, safu ya +12V imeandikwa ampea 16. Zidisha: 12 mara 16 ni 192. Na kompyuta za leo hula karibu kila kitu kutoka hapo kwenye 12. Zile wati nyingine zimejumlishwa kutoka kwenye mistari ambayo hakuna anayeitumia.

Nilimwambia fundi wa Mombasa anipigie picha vibandiko, si maboksi. Nilitafuta vitu viwili. Cha kwanza, ampea za 12V zikizidishwa zikaribie wati zilizoandikwa mbele. Cha pili, na hiki kwa hapa ndicho kikubwa, mstari wa kuingizia umeme useme 100–240V bila swichi yoyote nyekundu. Pawa saplai ya aina hiyo haijali ukutani mkiwa na 240 au 190. Printa ikivuta, volti zikiteremka, yenyewe inavuta ampea zaidi kidogo na kuendelea. Ile ya zamani ilipangiwa 230, na kila volti zilipoteremka ilikuwa inakopa kutoka kwenye kapasita zake mpaka deni likaiua.

Tumechukua ya wati 450, 12V ampea 36, ina alama ya ufanisi ya 80 PLUS Bronze. Imekaribia bei ya mazabodi, na hapo ndipo palipokuwa na mvutano.

"Yaani kisanduku cha feni ndicho kila pesa?"

"Mjomba, hicho ndicho kilichoua vingine vyote."

Akanyamaza. Kisha akaniuliza kama naweza kumpunguzia kwenye ufundi. Nikampunguzia.

Jumatano, wiki iliyofuata

Mzigo umefika Mokowe na basi la usiku, mchana ulikuwa gatini. Nimefungua kila boksi mbele ya kijana wa boti kabla ya kusaini: herufi ya mwisho ya prosesa (hakuna F), pini za soketi ya mazabodi zote zimelala upande mmoja, kibandiko cha pawa saplai ni kilekile cha kwenye picha.

Wakati tukingoja nilikuwa nimelisugua lile kasha la zamani kwa msasa na kulipaka rangi iliyobaki ya mashua ya jirani, ya buluu. Sehemu za skrubu za mazabodi sikuzipaka, kwa sababu hapo chuma kinatakiwa kigusane na chuma. Kasha sasa linaonekana kama limetoka Matondoni, kijiji cha mafundi wa mashua.

Kuunganisha kulikwisha kabla ya Magharibi. Iliwaka mara ya kwanza, na BIOS ikaiona ramu na SSD. TPM ilikuwa imezimwa, nikaiwasha. Windows 11 inaingia huku naandika.

Ijumaa, baada ya swala

Jaribio lililonihusu zaidi. Mita moja kwenye ekstensheni, nyingine kwenye waya wa manjano usiotumika ndani ya kasha. Mjomba akatoa kopi za mtihani wa madrasa, rundo zima. Kwenye ekstensheni: 236, na kila roli ilipoanza kupasha, 214. Ndani ya kasha: 12.08, 12.07, 12.08.

Volti 22 kupotea kwenye ekstensheni kwa sababu ya printa peke yake ni nyingi mno. Nimeikata ile ekstensheni nikatazama: waya mwembamba wa shaba, nusu yake imeshakuwa nyeusi kwa kutu ya chumvi kwenye skrubu. Printa imepata soketi yake ukutani.

Kasha limehamishwa kwenye ukuta wa ndani, juu ya stuli, mgongo kwa dirisha, na matundu ya mbele yamefunikwa kitambaa chepesi cha neti kinachotoka kwa kuvutwa. Mjomba atakiosha kila mwezi; nimemwandikia kwenye kalenda. Kuna wanaopaka mazabodi vanishi ya kucha ili chumvi isishike. Sikufanya hivyo. Inazuia joto kutoka, na ukihitaji kupima pini siku moja utakuwa unakwaruza. Badala yake nimemwambia asiizime kila wateja wakikatika. Mashine yenye joto kidogo hailowi umande.

Mosifeti iliyoungua nimeibandua, iko mfukoni, kwa ajili ya kuwaonyesha vijana wa polytechnic. Vijiti vya DDR3 amepewa mwalimu wa madrasa, vimeingia kwake sawasawa.

Kilichobaki ni UPS, kisanduku cha betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika. Ile ndogo ya VA 650 iliyo chini ya meza betri yake imekufa zamani na Mjomba amekuwa akiitumia kama ekstensheni. Betri ya volti 12, ampea-saa 7, inapatikana hapa hapa dukani kwa wauza vifaa vya sola. Nikishaiweka nitachomoa umeme ukutani mashine ikiwa inafanya kazi nione kama pawa saplai mpya inaelewana nayo, maana UPS za bei rahisi hutoa umeme wa wimbi la mraba badala ya wimbi laini la ukutani na baadhi ya pawa saplai za aina hii huukataa. Printa haitaingia kwenye UPS kwa hali yoyote. Mjomba ameshauliza mara mbili.